Chombo Hakinunuliwi kwa Makofi

Wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba kikundi cha sanaa hakizaliwi mpaka apatikane mfadhili. Vijana wakikusanyika watano, kwanza huandika barua ya maombi, kisha hutafuta pa kuipeleka. Wimbo huja mwisho, ukija. Watu wa fikra hiyo nawaomba watazame habari za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja.

Nadi hiyo iliasisiwa mwaka 1905 na vijana wa mjini waliopenda kukutana kwa mazungumzo na muziki. Kabla yao, taarab ilikuwa jambo la jumba la mfalme. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, naye aliporudi akawa mpigaji wa Sultani. Vijana wa Ikhwan Safaa hawakuwa mafukara, tusidanganyane. Wengi walikuwa watu wenye nafasi zao. Walakini hawakukaa barazani wakingoja kualikwa jumbani. Walijitolea, wakajipatia vyombo, wakafundishana.

Hapo ndipo penye siri ya chama. Udi wa mtu binafsi hurithiwa na wanawe, na pengine ukauzwa kabla arubaini haijafika. Udi wa chama hubaki, akaushika kijana mwingine. Vivyo hivyo nyimbo: aliyezijua humfundisha asiyezijua kila jioni ya mazoezi, wala hakuna anayeuliza analipwa nini.

Wala jambo hili si la wanaume wala la wenye nasaba peke yao. Siti binti Saad, mtoto wa shamba, aliyerekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, aliimba na wenzake kwa Kiswahili hata taarab ikawa ya kila mtu. Baada yake akina mama wa Unguja walianzisha vikundi vyao, vingine wakaviita Royal Navy na Royal Air Force. Majeshi ya Mwingereza yamekuwa majina ya ngoma za harusi! Nani aliwapa ruzuku akina mama hao? Walichangishana wenyewe, sare wakanunua wenyewe, na aliyeshindwa kuchanga alisaidiwa na shoga yake.

Mwaka 1958 kikazaliwa Shime Kuokoana, ambacho leo twakiita Culture Musical Club. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na vikundi vikawekwa chini ya uangalizi wa serikali na chama tawala. Masultani wamepita, Mwingereza kaondoka, na mwaka 2005 Ikhwan Safaa ikatimiza miaka mia moja.

Najua nitakavyojibiwa: "Zama zimebadilika, bwana, siku hizi hakuna kitu bila fedha." Kweli. Chuo cha muziki cha Dhow Countries huko Unguja, kilichofungua milango mwaka 2002, kimefundisha watoto wengi kanuni, udi na fidla, na chuo lazima kilipe walimu mishahara. Mchango wa barazani hautoshi. Wafadhili waliokisaidia walitenda wema, nami siwasemi vibaya. Lakini mwaka 2019 fedha za nje zilipokatika, chuo kikatangaza kuwa kiko hatarini kufungwa. Nawauliza matajiri wetu, wenye mahoteli wanaowachezea wageni taarab usiku kucha: mlikuwa wapi?

Nasi wengine tusijifiche nyuma ya matajiri. Harusini tunapanga foleni kwenda kumtunza mwimbaji, noti tumeziinua juu ili jirani azione. Asubuhi yake mpiga fidla anatafuta uzi wa kubadilisha uliokatika, hana. Hatutaki kutoa pale tusipoonekana.

Basi kila mtaa wenye kikundi, kiwe cha taarab, cha ngoma au cha maigizo, na uweke daftari la wanachama na mshika fedha anayesoma hesabu mbele ya watu kila mwezi, maana vikundi vingi vimeuawa na mfuko usioulizwa kuliko na umaskini. Asiye na fedha atoe chumba cha mazoezi, au fundi atengeneze kiti na taa. Na mwenye mtoto anayegonga meza kutwa, jioni ampeleke mazoezini akakae karibu na mpiga dumbaki.