Lubumbashi: Tusikimbilie kuuza nyumba za wazazi, barza zake zinaweza kutulisha

Kila mwaka, mvua za Novemba zikikaribia, familia nyingi za Lubumbashi zinarudia mazungumzo yale yale. Nyumba waliyoacha wazazi inavuja. Ukuta wa nyuma umepasuka, mbao za paa zimeliwa na mchwa. Watoto wanakutana na kuulizana: tutengeneze ao tuuze lupango? Mara nyingi wanauza. Mnunuzi anabomoa, anajenga maduka, na wenye nyumba wanagawana pesa ambazo hazimalizi hata mwaka. Kisha kila mmoja anaanza kutafuta nyumba ya kupanga.

Maoni yangu ni kwamba haraka hiyo inatuumiza. Nyumba ya zamani ni mahali pa kulala, lakini pia inaweza kuwa mahali pa kazi. Hapa Katanga kuna kazi moja ambayo inaweza kulipia matengenezo yake pole pole: kutengeneza na kuuza mapambo ya malakiti na ya shaba.

Kazi hiyo haikuletwa na wageni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 na mji huu mwaka 1910, lakini watu wa nchi hii walikuwa wanayeyusha shaba karne nyingi mbele ya hapo. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale waliofika mwaka 1957 na 1958 walikuta watu waliozikwa na bangili na mikufu ya shaba, pamoja na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa. Kijana anayepinda waya wa shaba leo kwenye barza anaendeleza ufundi wa mababu zake.

Malakiti nayo ni mali ya hapa hapa. Jiwe hili la kijani linapatikana katika machimbo ya Likasi na Kolwezi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Tunaliuza sana likiwa bado ghafi, na faida inabaki kwa yule atakayelikata na kulisugua huko mbali. Jiwe lile lile likigeuka shanga, hereni ao kidani, thamani yake inapanda. Na anayeipandisha ni fundi mwenye meza, jiwe la kusagia, msasa, maji na uvumilivu.

Hapo ndipo nyumba ya zamani inaingia. Fundi anayepanga chumba anamlipa kwanza mwenye nyumba, kisha ananunua jiwe, kisha anakula kinachobaki. Fundi anayefanyia kazi kwenye barza ya wazazi wake hana kodi ya kulipa. Nyumba nyingi za Kamalondo, za komini ya Kenya na za Katuba ziko karibu na barabara na karibu na watu. Barza ndiyo duka, na ukuta uliopakwa rangi vizuri ndio tangazo. Hata mteja anayetoka mbali anapenda kununua kidani mahali anapoona mikono iliyokitengeneza.

Kuna watakaosema: shanga haziwezi kujenga nyumba. Ni kweli, haziwezi kuijenga kwa siku moja. Wateja si wengi, umeme unakatika, na miezi mingine hakuna anayenunua. Lakini kutengeneza nyumba hakudai pesa zote kwa mara moja, na hapo ndipo kunatofautiana na kujenga upya. Tuseme mauzo ya mwezi yanatoa bati 5 tu, baada ya chakula na karo ya watoto. Kwa miezi 6 hizo ni bati 30, na chumba kikubwa kimefunikwa. Familia iliyouza lupango haina nafasi ya kuanza kidogo kidogo namna hiyo.

Ila lazima tufuate mpangilio. Wengi wanaanza na rangi kwa sababu inaonekana, na mvua ya kwanza inaiharibu. Kwanza ni paa. Pili ni maji: yapate njia ya kutoka mbali na msingi. Tatu ni nyufa na mbao. Rangi ni ya mwisho. Kuta zilizojengwa kwa udongo ao chokaa zisifungwe ovyo kwa sementi ngumu, kwa sababu unyevu unabaki ndani na tofali linaoza. Na matofali yaliyoanguka yasitupwe. Mengi katika mji huu yalifinyangwa kwa udongo wa vichuguu na kuchomwa kwa kuni. Kila tofali la zamani linalorudi ukutani ni kuni ambazo hazikukatwa, wakati pori linalotuzunguka linaisha kwa sababu ya makala.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Vumbi la malakiti ni hatari kwa mapafu. Jiwe likatwe na kusuguliwa likiwa na maji, fundi avae kinga ya pua na mdomo, na kazi ifanyike nje kwenye hewa, mbali na chumba wanamolala watoto na mbali na jiko. Anayegeuza chumba cha kulala kuwa karakana anatengeneza nyumba na kuwaharibu wenye nyumba.

Wengine wanasema nyumba hizi ni kumbukumbu ya ukoloni, ziende tu. Sikubaliani nao. Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati ule, ni mtaa waliopangiwa Weusi ili wakae mbali na mji wa Wazungu. Hatupaswi kusahau hilo. Lakini waliobeba matofali yale ni babu zetu, na waliojaza mitaa ile muziki, mpira na harusi ni bibi na babu zetu. Tukibomoa kila kitu, wajukuu wetu watasoma habari za mji huu katika vitabu vya wengine tu.

Hata hivyo, hakuna bati wala shanga itakayosaidia kama karatasi haziko sawa. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi ni ya taifa, na haki ya raia inathibitishwa na cheti cha usajili. Familia nyingi zinakaa miaka mingi na cheti chenye jina la marehemu. Mmoja wa watoto anauza kwa siri, na wengine wanashtuka wakiona mashine ya kubomoa mlangoni. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawapa watoto sehemu kubwa ya urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Mama asifukuzwe na mashemeji kabla ya arobaini kwisha. Mbele ya kununua bati la kwanza, familia ikae, iandike nani ni nani, na ipeleke mambo kwenye ofisi ya ardhi.

Viongozi nao wana sehemu yao. Nchi yetu ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu mwaka 1971. Mji unaweza kuandika orodha ya mitaa na nyumba zenye historia, na kutoruhusu zibomolewe bila kuchunguzwa. Ofisi ya ardhi inaweza kupunguza gharama na safari kwa warithi wanaobadilisha jina kwenye cheti. Na wanaokusanya kodi waache kumhesabu mama mwenye meza moja ya hereni kama mwenye duka kubwa.

Lakini tusingoje viongozi. Familia yenye nyumba ya zamani ifanye mambo mawili mwezi huu: itafute cheti kiko wapi na kina jina la nani, kisha ipandishe fundi juu ya paa aseme bati ngapi zinahitajika. Baada ya hapo ndipo waulizane kama kweli wanataka kuuza.