Lipstiki nyekundu si ya kuazimana

Kati ya vipodozi vyote ambavyo akina dada hutia mkobani, hakuna kinachofichua kasoro upesi kama lipstiki nyekundu isiyong'aa. Ile yenye kung'aa husamehe mengi. Ikipita ukingo wa mdomo kidogo hakuna ajuaye. Lakini hii kavu huganda palepale ulipoiweka, na ikiwa midomo yako ina magamba, hata utingo wa matatu atayaona.

Sababu ni kwamba lipstiki yoyote ni mchanganyiko wa nta, mafuta na rangi. Mafuta hayo mara nyingi huwa ya mbarika. Katika ile isiyong'aa, watengenezaji hupunguza mafuta na kuzidisha rangi, kisha hutia unga laini kama ule wa udongo mweupe, ambao hunyonya unyevu. Ndiyo maana hukaa saa nyingi, na ndiyo maana pia hukausha. Nayo midomo haina vinyweleo wala mafuta yake yenyewe kama ngozi ya mashavu, kwa hivyo usitarajie ijitengeneze.

Basi kazi huanza usiku uliotangulia. Jipake vaselini midomoni kabla ya kulala, hasa Januari na Februari Nairobi inapokuwa kavu na upepo ukapasua midomo ya kila mtu. Asubuhi chukua mswaki laini uliolowa maji ya uvuguvugu, usugue polepole hadi magamba yatoke. Usiyang'oe kwa meno! Na ile tabia ya kulambalamba midomo iache, kwa kuwa mate yakikauka huondoka na unyevu uliokuwapo.

Kabla ya kupaka, futa vaselini yote. Wengi hukosea hapa, kisha hulalamika kwamba lipstiki imeteleza. Ikiwa mdomo wako wa juu ni mweusi na wa chini una wekundu, kama ilivyo kwa wengi wetu, rangi moja itaonekana mbili. Tibu hilo kwa kalamu ya mdomo: usichore ukingo tu, jaza midomo yote, halafu ndipo upake lipstiki ukianzia katikati. Bana karatasi ya shashi kwa midomo, kisha upake tena safu nyembamba. Mwisho tia kidole safi kinywani, ukifumbe, ukivute nje. Rangi ambayo ingeishia kwenye meno itabaki kidoleni.

Kuhusu meno, nyekundu yenye kuelekea rangi ya machungwa huyafanya yaonekane ya manjano. Ile yenye ubuluu ndani yake huyang'arisha. Msomaji aliyekulia pande za Nakuru, ambako maji yenye floraidi nyingi yamewaachia watu wengi meno ya kahawia, atafaidika sana kujua hilo. Na usimwamini anayesema kwamba mtu mweusi hapendezi kwa nyekundu. Rangi ya damu ya mzee kwenye ngozi nyeusi tititi ni uzuri ambao mzungu atautamani bila kuupata.

Sasa nije kwa wanafunzi wa vyuo, maana ndio walionifanya niandike haya. Katika mabweni, lipstiki moja huzunguka vyumba vinne kabla ya karamu ya Ijumaa. Dada zangu, malengelenge ya mdomo husababishwa na virusi ambavyo, kulingana na makadirio ya Shirika la Afya Duniani, vimo katika zaidi ya nusu ya watu wote walio chini ya miaka 50. Wengi wao hawana dalili yoyote. Virusi hivyo huenezwa zaidi kwa mdomo kugusa mdomo, lakini kitu kilichotoka midomoni mwa mwenzako sasa hivi nacho si cha kuaminiwa, na vikishaingia mwilini haviondoki tena. Mwenzio akikuomba, mkwangulie kidogo kwa kijiti safi cha pamba. Si uchoyo huo. Dukani pia usijaribu midomoni ile iliyofunguliwa kwa ajili ya wateja, ijaribu mkononi.

Wauzaji nao wana yao. Ukishuka Dubois Road utapata majina makubwa kwa bei ya sahani ya chipsi. Jiulize inawezekanaje. Bidhaa halali iliyoagizwa kutoka nje inapaswa kuwa na kibandiko cha shirika la ubora wa bidhaa, KEBS. Mwaka 2016 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza kwamba risasi katika vipodozi vya midomo isipite sehemu 10 kwa kila milioni. Mwenye kughushi jina la kampuni hatapima risasi. Midomo ikiwasha au kuvimba, ifute mara moja, na usiirudie eti kwa kuwa ulilipa pesa zako.

Unapokula, jihadhari na mafuta. Chai haina neno sana, lakini sambusa na nyama choma huyeyusha nta na kukuacha na mviringo mwekundu ukingoni, katikati patupu. Jioni usisugue kwa sabuni. Paka mafuta ya nazi, ngoja dakika moja, kisha futa kwa pamba. Utashangaa inavyoachia.

Lipstiki yenyewe iwekwe mahali baridi. Kuiweka kwenye sidiria ni kuipika, na kwa walio Mombasa, mlango wa friji ni mahali pazuri. Ukishaifungua, mwaka mmoja hadi miwili yatosha. Ikinuka kama samli iliyochacha, itupe, hata kama imebaki nusu.