Mama alipouliza "huyu ni mtoto wa nani?"

Najua nimepotea hapa karibu wiki tatu. Testi zilinibana, halafu msimu wa mahafali ukaingia, na mnaonifahamu mnajua msimu huo mimi si mwanafunzi wa ualimu tena, ni mpiga picha wa getini.

Sasa wengi mmekuwa mkiniuliza: we jamaa, mbona umeiacha ile apu ya simu iliyokuwa inakulipa, ukahamia kwenye madude magumu ya kompyuta? Wengine mnasema najidai fundi. Jamani, sijidai. Niliumbuliwa.

Mwaka jana nilimpiga picha dada mmoja aliyekuwa anahitimu. Joho, kofia, maua ya plastiki shingoni, kila kitu. Ni mweusi, ule weusi wa kung'aa. Kama kawaida yangu nikaipitisha picha kwenye apu, kitufe kimoja cha kupendezesha, nikapeleka kusafisha na kuweka fremu. Mama yake alikuwa amekuja na basi kutoka mkoani. Nikamwamkia, nikamkabidhi. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, picha ni nzuri. Ila huyu ni mtoto wa nani?"

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama aliendelea kuitafuta sura ya binti yake kwa kidole. "Na kovu lake liko wapi? Alianguka mwembeni akiwa na miaka 6." Kovu lilikuwa limefutwa. Pua imechongwa. Ngozi imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Binti wa kwanza kuhitimu chuo kwenye ukoo ule, na mimi nimewapa mtu mwingine waende kumtundika sebuleni.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikaa nalinganisha ile picha na ya mwanzo. Kile kitufe hakikuniuliza chochote. Kiliona uso, kikaamua uso mzuri ukoje, kikatengeneza.

Baadaye nikasoma habari moja ya zamani ikanifungua macho. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha za filamu zilikuwa zikitumia kadi za Kodak kupimia rangi, na kwenye kadi alikuwepo mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya kwanza. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, basi mashine iko sawa. Ngozi kama zetu zilitoka giza tupu, macho na meno tu. Sasa mwenzangu, ukiwa unaediti sura nyeusi, ukubali kwamba vifaa vingi havikutengenezwa na mtu aliyekuwa anakufikiria wewe. Usipoamua wewe, kitufe kitaamua.

Ndipo nikaanza safari ya programu za wakubwa. Nilianza vibaya. Photoshop tangu 2013 matoleo yake mapya ni ya kukodi, unalipa kila mwezi kwa kadi inayokubali malipo ya nje, na bumu langu mnalijua. Nikachukua ya wizi kwenye flashi ya jamaa. Ilinitaka nizime antivirusi kwanza (mtu mwenye akili angestuka hapo). Kesho yake mafaili yote yamegeuka vivuli, ikiwemo kazi yangu ya saikolojia ya elimu ya kurasa 14. Niliiandika upya usiku mzima huku naimba nyimbo za huzuni.

Baada ya hapo nikaenda GIMP, ambayo ni bure kihalali. Na hii niliipenda: ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis. Hata Photoshop yenyewe, iliyotoka 1990, ilianza na Thomas Knoll akiwa mwanafunzi wa uzamivu Michigan, akishirikiana na mdogo wake John. Wanachuo kama sisi! Sisi tunagombania soketi ya umeme.

Mwezi wa kwanza nilitaka kulia. Kila kitu kina jina, hakuna kitufe cha kupendezesha. Lakini nilipoelewa mambo mawili tu, nikaona tofauti. La kwanza ni tabaka: unaweka kazi yako juu ya picha kama karatasi ya plastiki juu ya ramani, picha yenyewe chini haiguswi. La pili ni barakoa: unapaka nyeupe pale unapotaka kazi ionekane, nyeusi pale usipotaka. Basi. Uso ukiwa gizani kwa sababu ya kivuli cha kofia, napandisha mwanga wa uso peke yake, tena ule wa katikati, weusi wenyewe naacha. Ngozi inaanza kuonyesha mng'ao wake, shavu linapata umbo, joho halipauki. Kovu linabaki. Chunusi ya wiki hii naitoa, maana wiki ijayo haipo. Kovu la mwembe ni la kwake.

Na msihifadhi juu ya picha ya mwanzo, tafadhali. JPEG kila ukiihariri na kuihifadhi tena inapoteza kidogo. Hifadhi kazi kama XCF, kisha toa nakala ya JPEG mwishoni. Wenye laptopu za RAM GB 4 kama yangu, mjaribu pia Photopea, inafanya kazi ndani ya kivinjari na inafungua hata faili za Photoshop.

Simu sijaitupa. Kuna apu za simu zinazokupa mstari wa mwanga uupinde mwenyewe, hizo ni sawa kabisa.

Rafiki yangu mmoja tunayepiga naye picha ananibishia sana. Anasema mteja anataka weupe, mpe weupe, wewe si mchungaji. Ana hoja, maana msimu huu wateja watatu wamenikimbia wakaenda kwake. Mmoja aliniambia wazi, "kaka, nimelipa nionekane mweupe." Sikuwa na jibu la maana. Nilimwonyesha picha yake mbili, akachagua ya kwake halisi kwa ajili ya mama yake, na ya weupe akaifuata kwa mwenzangu kwa ajili ya mtandaoni. Bado nalitafakari hilo.

Yule mama nilimsafishia nyingine bure, kwa sababu bahati nzuri picha ya mwanzo ilikuwa bado kwenye simu. Binti anasema imetundikwa. Ile ya kwanza sijui walipeleka wapi, sikuuliza.

Haya, nina picha 40 hazijaguswa na laptopu inapumua kama dalada inayopanda mlima. Anayetaka kujifunza aje chumbani Jumamosi jioni. Aje na chapati, na flashi isiyo na virusi.