Tahadhari: programu za simu zinabadilisha nyuso za wazee wetu

Ndugu zangu wa Lipingo, Liuli na Mbamba Bay, na ninyi mlioko Songea, Dar es Salaam na ng'ambo: kabla hujaiingiza picha ya bibi yako kwenye programu ya simu inayodai kusafisha picha za zamani, simama kwanza. Programu hizo hazisafishi uso. Zinautunga.

Zimefundishwa kwa picha nyingi mno za watu wengine. Zikikuta mahali palipofifia, palipokunjika au palipoliwa na ukungu, hazina njia ya kujua palikuwa na nini. Zinakisia kutokana na nyuso zilizozizoea, kisha zinapachika jicho, pua na mdomo. Kinachotoka kina rangi na kinang'aa, lakini yule si bibi yako. Na kama bibi alikuwa na chale usoni, kama walivyokuwa nazo baadhi ya wazee wa zamani, programu inaweza kuziona kuwa mikwaruzo ya karatasi na kuzifuta. Alama hizo ndizo ambazo mzee mwenye kujua angezitazama akakwambia mama yule aliolewa kutoka upande gani.

Hatari ni kwamba jambo hili linakwenda mbio. Picha iliyotungwa inaingia kundi la ukoo la WhatsApp, inapendwa, na kwenye msiba unaofuata inachapishwa kwenye fulana. Watoto wanaukariri uso ule. Picha halisi inabaki ukutani kwenye fremu, inapigwa na unyevu wa ziwa, hadi siku inapotupwa kwa sababu "ipo nzuri zaidi kwenye simu". Wanaomkumbuka mhusika kwa sura wanapungua kila mwaka. Wakiisha, nani atapinga?

Kosa la pili linatembea pamoja na hilo. Picha nyingi za enzi ya Wajerumani sasa zinapatikana kwenye intaneti kutoka hazina za Ulaya, na mara nyingi zimeandikwa kabila au mahali tu, bila jina la mtu. Ukikuta neno Sphinxhafen, hilo ndilo jina ambalo Wajerumani waliipa Liuli. Linakwambia picha inahusu mahali gani. Halikwambii aliyesimama pale ni nani, na hamu ya kumpata babu haitoshi kumpa jina.

Jina lina njia zake za kutafutwa, na mwambao huu una bahati ya kumbukumbu. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika Likoma mwaka 1885, na wakaufanyia kazi mwambao wetu kwa meli na kwa miguu. Shemasi Mkuu William Percival Johnson alizunguka vijiji vya ziwa hili kwa miongo mingi hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Vitabu vya ubatizo ndipo pa kuanzia, ila kumbuka kwamba babu aliyebatizwa Yohana huenda nyumbani hakuitwa hivyo hata siku moja. Uliza majina yote mawili. Kumbuka pia kwamba hadi 1952 Waanglikana wa huku walikuwa chini ya Dayosisi ya Nyasaland, kwa hiyo usishangae ukielekezwa ng'ambo ya ziwa, Malawi. Makaratasi ya UMCA yenyewe yamehifadhiwa Oxford.

Halafu geuza picha. Vijana wa huku walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakachukuliwa na Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi, hadi Afrika Kusini, na picha za studio zikarudi nyumbani kwa barua. Mgongo wa picha unaweza kuwa na muhuri wa studio, mji, tarehe, au mstari mmoja wa mwandiko wa babu mwenyewe. Anayepiga picha upande wa mbele tu na kuutuma ameuacha ushahidi mezani.

Basi fanyeni hivi, tena wiki hii. Pigeni picha za pande zote mbili, kivulini karibu na dirisha, bila flashi. Picha iliyoganda kwenye kioo msiibandue. Ipigeni humo humo ndani ya fremu. Msiipigishe laminesheni, kwani ikishabandikwa kwa joto haiwezi kutenguliwa. Msimkabidhi mpita njia picha halisi kwa ahadi ya kuirudisha. Kaeni na bibi, babu na mashangazi, mmoja mmoja, mkirekodi sauti. Wakitofautiana kuhusu jina, andikeni yote mawili na nani alitaja lipi. Andikeni nyuma kwa penseli laini, pembeni. Asiyejulikana aandikwe hajulikani.

Na kama uso wa kutungwa umeshasambaa, usinyamaze kwa kuogopa kumwaibisha mpwa aliyeutengeneza kwa mapenzi. Weka picha halisi kwenye kundi lile lile, sema wazi ipi imetoka ukutani na ipi imetengenezwa na programu, na umwombe kila aliyeituma mbele ile ya programu aifikishe na hii halisi kule kule alikoipeleka.