Kabla Muwape Mbwa Sumu, Someni Katiba

Huku kwetu kuna kitu kinaitwa kusafisha kijiji. Ukisikia hivyo ukiwa Nairobi unafikiria watu na fagio wakizibua mitaro. Huku kwa majani chai, kati ya Kericho na Bomet, maana yake ni nyama yenye sumu. Mtoto anaumwa na mbwa, baraza inaitwa, mtu anasimama anasema mbwa koko wamezidi, mikono inapanda juu, na usiku vipande vya matumbo vinatupwa kando ya njia ya kwenda kituo cha kununulia majani. Asubuhi mnaokota mizoga. Na ukiangalia vizuri, wengi hata sio koko. Mbwa wa boma hufunguliwa usiku ndio walinde ng'ombe, kwa hivyo sumu inawapata wao kwanza. Huyo alikuwa anafukuza tumbili kwa mahindi ya jirani yako. Sasa jirani atalala shambani mwenyewe.

Mwezi uliopita kijijini kwetu baraza kama hiyo iliitwa na nikaenda kupinga. Boiyot mmoja akaniangalia akasema, "Wewe weri, umeacha chuo ukuje kulea mbwa?" Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, jibu lilikuwa tamu. Lakini swali langu halikujibiwa na mtu yeyote, na ndio maana naliuliza tena hapa: ni nani kwa kaunti alipaswa kuwachanja hao mbwa, na alikuwa wapi?

Sitaki mtu aseme nachezea maisha ya watoto. Kichaa cha mbwa ni kitu cha kuogopa kuliko vile wengi wenu mnajua. Dalili zikishaanza, hakuna dawa, mtu anakufa. Makadirio yanayotumiwa na serikali yetu ni kama watu 2,000 kila mwaka hapa Kenya, na duniani karibu wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje. Usipake tumbaku wala mafuta. Mama wa yule mtoto aliosha, akaenda zahanati, akaambiwa chanjo hakuna, ajaribu mjini. Dozi ni nne au tano, na kila dozi ni nauli ya kwenda na kurudi, kwa mtu anayelipwa kwa kilo za majani. Hasira ya huyo mama naielewa. Kile sielewi ni kwa nini hasira yote ilimalizwa kwa mbwa, na mheshimiwa wa wadi alikuwa ameketi pale mbele, akapiga makofi sumu ilipopitishwa, akaingia kwa gari akaenda.

Sasa hesabu. Wataalamu wa huu ugonjwa wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka, virusi vinakosa pa kwenda. Ukiua badala ya kuchanja unaharibu hiyo hesabu, kwa sababu unaua hata waliochanjwa, halafu nafasi yao inajazwa na watoto wa mbwa wapya ambao hawana chanjo yoyote. Bali, kule Indonesia, walianza kuua mbwa kwa wingi kichaa kilipoingia 2008, na ugonjwa ukazidi kusambaa kisiwani. Ulianza kushuka walipogeukia kuchanja. Kama Indonesia ni mbali, angalia Pemba hapa karibu. Walichanja mbwa, kichaa kikaisha. Kikarudi 2016, wakachanja tena, kikaisha tena. Hakuna mtu alihitaji matumbo yenye sumu.

Na hii kazi ina mwenyewe. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Imeandikwa waziwazi: udhibiti na maslahi ya wanyama, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi na kuwatunza. Mbwa wametajwa kwa jina, wasee! Barabara za kitaifa utaambiwa ni za Nairobi, bei ya chai utaambiwa ni mnada wa Mombasa, lakini mbwa ni wa kaunti na hakuna mahali pa kurusha huo mpira. Taifa nalo lina mpango wa kumaliza vifo vya kichaa, ulioanza 2014 na unaisha 2030. Hesabu miaka iliyobaki, halafu uulize kwenu ni lini ulimwona daktari wa mifugo akichanja mbwa bure sokoni.

Najua jibu litakuja: chanjo inahitaji friji na stima huku inapotea kila mvua ikinyesha. Watafiti Tanzania walipima chanjo moja ya mbwa inayotumika sana, wakaiweka kwa joto la digrii 25 miezi sita, na ikafanya kazi kama ile ya friji. Huku kwetu hata jua likiwaka tunavaa sweta.

Kuna wale wengine pia, wapenzi wa wanyamapori, wanaoniandikia kwamba mbwa wangu ni tishio na sumu ina faida yake. Nusu ya hayo ni kweli. Mbega wetu wanaishi kwa vile vipande vya msitu vilivyobaki kando ya mito katikati ya mashamba ya chai. Msitu ukikatwa pakawa na pengo, mbega lazima ashuke chini avuke, na hapo mbwa anayezurura anamkamata. Magonjwa nayo yanavuka. Mwaka 1989 mbwa mwitu wa Maasai Mara, hapo tu Narok, walikufa kwa kichaa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo mbwa wa nyumbani hubeba, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti na kufika hadi Mara. Kwa hivyo kama unawapenda simba, unapaswa kuwa wa kwanza kudai mbwa wa vijijini wachanjwe na kufungwa wangali wazima. Na sumu haichagui. Bweha anakula ile nyama, tai anakula bweha.

Halafu nyinyi wa mjini. Kati ya mbwa wangu watatu, wawili niliwatoa kwa gunia moja lililoachwa kando ya lami usiku, wote majike. Huku hakuna mtu anatupa mbwa kwa gunia jipya la unga la supamaketi. Mlitaka dume la kubweka getini, majike mkayaleta ocha "yakajitafutie". Hao ndio mbwa koko wanaopigiwa kura ya sumu, na nyinyi ndio mnaniwekea emoji za kulia.

Kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kwetu ni wiki ijayo, katika ukumbi wa kanisa. Mabroda wa bodaboda watano wamekubali kuja, na kogo yangu pia, ambaye hakosi mkutano wenye chai. Tutauliza swali moja tu: pesa za chanjo ya mbwa ziko kwa ukurasa gani?