Begi la semina lishonwe hapa hapa kambini

Vijana wenzangu wa Kakuma na Kalobeyei, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, leo nataka tuongee kuhusu begi. Ndiyo, begi la kitambaa la kuvaa begani. Msicheke kwanza.

Semina nyingi tunazoitwa tunapewa begi. Limetoka mbali, lina nembo kubwa, lakini kitambaa ni chepesi. Ukiweka madaftari mawili na chupa ya maji, haichukui muda mkanda unang'oka. Na nje ya ukumbi huo huo kuna mama na dada zetu waliosomea ushonaji, vyeti wanavyo, kazi hawana. Sasa hiyo ni akili gani? Mimi naona hivi: begi la semina lishonwe hapa, na sisi vijana tujifunze kulishona nyumbani.

Kuna watakaosema bila cherehani haiwezekani. Si kweli. Begi ni mistari iliyonyooka tu, halina kola wala mikono. Tafuta sindano, uzi wa nailoni, mkasi, na kitenge au jinzi iliyozeeka. Huna futi ya kupimia? Tumia shubiri. Kata vipande vinne, kila kimoja shubiri mbili kwa mbili. Viwili ni vya nje, viwili ni bitana. Kwanza shonea mfuko mdogo kwenye bitana. Halafu unganisha kila jozi pande tatu, ingiza bitana ndani ya begi, kunja mdomo na ushone. Mkanda uwe shubiri sita kwa urefu na nusu shubiri kwa upana, uukunje uwe tabaka nne. Kila hatua rudisha sindano nyuma kidogo, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote usifumuke. Pale mkanda unaposhikana na begi, shona mraba na upige X katikati. Hapo ndipo yale ya semina yanapoharibikia.

Ule mfuko wa ndani si urembo. Maisha yetu sisi wakimbizi yako kwenye karatasi: usajili, matokeo ya shule, kadi ya kliniki ya mtoto. Laga ikifurika usiku, unabeba mtoto na begi, unatoka. Karatasi ikipotea, utajua foleni ni nini.

Tena kazi hii inamfuata mtu nyumbani. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa kituo cha mafunzo asubuhi hadi jioni, ila sindano anaweza kuishika mtoto akilala. Na soko lipo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, mtu anayeenda sokoni anahitaji kitu cha kubebea.

Ndugu wa mashirika, najua mtasema: watu ishirini watashona saizi ishirini, na muda hautoshi. Hiyo ni hoja ya kweli, lakini ina dawa. Toeni sampuli moja na kipimo kimoja cha karatasi. Agizeni mapema, si wiki ya semina. Lipeni sehemu ya pesa kwanza, maana fundi hana mtaji wa kitambaa. Kagueni kabla ya kumaliza malipo. Anzeni na mabegi ishirini tu muone.

Na sisi vijana, tusiombe kazi kwa huruma. Begi likishonwa ovyo, oda ya pili haiji, na atakayeumia ni yule mama aliyeshona vizuri. Ukimaliza lako, lijaze vitu vizito, livae siku nzima. Likishika, hilo ndilo la kupeleka ofisini.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza mabegi ya semina ijayo, mtu mmoja kwenye kikao aulize: hapa kambini nani anashona? Majina mtayapata siku hiyo hiyo.