Wafamasia wa Bunia, nusu ya dawa si huruma

Juzi asubuhi nilikuwa nimesimama katika famasi moja ya hapa mjini Bunia nikingojea zamu yangu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mhami kutoka Djugu, mtoto mgongoni, mwili wa mtoto moto kabisa. Mkononi alikuwa na karatasi ya kituo cha afya: malaria, vidonge sita. Kituoni dawa ilikuwa imekwisha. Akaweka franka zake juu ya meza. Hazikutosha.

Kijana aliyekuwa akiuza hakumuuliza neno. Alichukua makasi, akakata vidonge viwili, akavifunga ndani ya kikaratasi na kumwambia: « Mama, anza na hivi kwanza. » Mama akashukuru, akaondoka. Nilipomuuliza kijana kwa nini amefanya vile, alinijibu: « Nilimwonea huruma. »

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, jibu hilo wengi wetu tunaliona zuri. Mimi nasema si huruma.

Dawa ya malaria ya artemether na lumefantrine inamezwa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Mtoto mwenye kilo 5 hadi 14 anameza kidonge kimoja kila mara. Ndiyo sababu vikawa sita. Akimeza viwili, homa inaweza kushuka na mama akafurahi, lakini vimelea vinabaki katika damu na ugonjwa unarudi. Malaria haichelewi kuua mtoto mdogo. Mama huyo atatafuta pesa mara ya pili, kama bado ana nafasi ya kutafuta.

Tena makasi yale hayakukata vidonge tu. Yalikata pia jina la dawa, namba ya fungu na tarehe ya mwisho. Mama akifika kwenye site, hakuna atakayejua mtoto amemeza nini.

Sisi watu wa Ituri tunajua hatari hiyo. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, wagonjwa zaidi ya 1.000 walilazwa hospitalini katika jimbo letu, shingo, uso na ulimi vikijikaza vyenyewe. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Vifo 11 viliripotiwa. Wale waliomeza hawakuwa na namna ya kujua. Mnunuzi wa dawa haoni kilichomo ndani ya kidonge, anamtegemea anayemuuzia. Hapo ndipo heshima ya kazi ya mfamasia inapoanza.

Najua mtaniambia nini. Nyumba inalipiwa, ushuru ni mwingi, barabara ni mbaya na muuzaji wa jumla hakopeshi. Ni kweli. Lakini kijana yule angeweza kusema ukweli: « Mama, dawa hii haikatwi. » Angeweza kupiga simu moja kwenye kituo cha afya jirani kuuliza kama dawa ipo. Angeweza hata kumkopesha vile vinne vilivyobaki na kuandika jina lake katika daftari, kama wanavyokopeshwa wakaaji wa mtaa kila siku. Mhami hakopeshwi kwa sababu hajulikani. Lakini mtoto wake anaugua malaria ileile ya watoto wetu.

Kwa wenye famasi: kama diploma iliyo ukutani ni ya mtu ambaye haonekani dukani, mnamdanganya mteja tangu mlangoni. Mfundisheni anayesimama mezani. Nunueni dawa mahali mnapopewa risiti, na msikate dawa za malaria wala antibiotiki. Nchi yetu ina Chama cha Wafamasia kilichoundwa kwa sheria tangu 1991. Kiwaite wanachama wake na kuwakumbusha wajibu. Na wakaguzi wa afya wa jimbo, wakipita, waangalie kwanza makabati na anayeuza, si karatasi za malipo peke yake.

Kwa familia za wahami: msione haya kuuliza. Dawa hii inaitwaje? Inamezwa mara ngapi, siku ngapi? Tarehe yake ya mwisho ni ipi? Kama pesa haitoshi, semeni wazi, na mkipewa nusu, rudini kwa mganga aliyewaandikia karatasi kabla homa haijarudi. Mtu mgonjwa akibadilika baada ya kumeza kidonge, mpelekeni kituoni pamoja na karatasi ya dawa.

Sijui mtoto yule yuko katika hali gani leo. Nilikuwa na franka mfukoni, na mimi pia niliuliza swali langu mama alipokuwa amekwisha kuondoka. Siku nyingine nitauliza mapema.